Siku ya tatu mpigie simu

Haya ni maneno niliyoongea kwenye kikao cha madereva, waongoza watalii na wafanyakazi wa mapokezi wa mahoteli huku Kusini Unguja. Mwanangu alirekodi kwa simu akayaandika, mie nimepunguza tu vikohozi na salamu ndefu.

Asalaam aleikum. Hamjambo wote? Nyie mabinti wa mapokezi mliojificha nyuma njooni mbele viti vipo, madereva sogeeni kidogo.

Nimeambiwa niongee kuhusu ule ukaguzi wa afya wa wageni wanaposhuka uwanja wa ndege, ule tuliouona wakati wa korona, na ukija ugonjwa mwingine itakuaje. Mie kazi ya afya mipakani nimeifanya miaka mingi, bandarini na viwanjani, bara na huku visiwani, sa hivi nimestaafu nafuga kuku. Mengine ntakayosema si mazuri kwa hiyo kiwanja gani na kampuni gani sitaji, na msije mkanibana kwenye chai.

Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Usemi mzuri na kwetu sie ni kweli kabisa, mgeni akija mtoto anakwenda skuli, nyumba inaezekwa. Sasa mwaka 2020 usemi ukatugeukia, mwenyeji anamtazama mgeni anajiuliza huyu akija mie ntapona kweli? Na asipokuja je? Mnakumbuka njaa ile. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264, mwaka 2020 wakawa 260,644, yaani zaidi ya nusu wameyeyuka. Aprili ndege za nje zikasimama, Mei 18 anga likafunguliwa tena, na kuelekea mwisho wa mwaka wakaanza kumiminika Warusi mpaka mapapasi wa Nungwi, wale vijana wanaowafuata wageni ufukweni, wakajua kusema privet, salamu ya Kirusi, kwa lafudhi safi kuliko mie ninavyosema bonjour baada ya miaka 30 ya kazi.

Sasa kati ya hofu na njaa ndipo akawekwa afisa afya, kashika kibunduki cha kupima joto.

Naomba tukiseme hiki kibunduki vizuri maana watu wengi wanadhani kinapima korona. Hakipimi korona. Hakipimi hata homa, kinapima joto la ngozi ya paji la uso basi. Mtu akitoka kwenye ndege yenye baridi kali kinamsoma wa baridi, akitembea juani saa nane mchana kinamsoma anaungua, akimeza Panadol mbili kabla ya kutua kinamsoma mzima kama kigori. Na kubwa kuliko yote, mtu mwenye korona ya siku mbili hana joto lolote. Korona ile ya mwanzo ilikuwa inakaa mwilini wastani wa siku 5 kabla haijaonyesha dalili, wengine hadi siku 14, na mtu anaanza kuambukiza kabla hajajijua kwamba anaumwa, sasa hapo kibunduki kitafanya nini masikini ya Mungu?

Mfano upo wa kwetu wenyewe. Mgonjwa wa kwanza aliyethibitishwa Tanzania, alitangazwa Machi 16, 2020 na waziri wa afya wa wakati ule Ummy Mwalimu. Alikuwa mama wa Kitanzania, alitoka Ubelgiji akatua Kilimanjaro siku moja kabla. Alipimwa joto pale uwanjani, hakuwa nalo, akapita. Akaenda hotelini, huko ndipo akajisikia vibaya akaenda hospitali mwenyewe. Angalieni hapo, aliyemkamata mgonjwa wa kwanza nchini si kibunduki, ni mgonjwa mwenyewe aliyesema jamani siko sawa. Kenya nao hivyo hivyo, wa kwanza wao alitangazwa Machi 13, alishaingia Nairobi tangu Machi 5 akitokea Marekani kupitia London, wiki nzima hiyo.

Na si sie tu tusijilaumu. Wakati wa SARS, ule ugonjwa wa mapafu wa jamii ya korona, mwaka 2003 Canada walikagua abiria viwanjani, ukaguzi kama milioni 6 na nusu hivi, wakawaweka pembeni watu kama 9,100 wachunguzwe zaidi, unajua waliopatikana na SARS wangapi? Hata mmoja. Marekani kwenye korona, kuanzia Januari hadi katikati ya Septemba 2020 walikagua wasafiri zaidi ya laki 7 na 66 elfu, wakapata wagonjwa 9, yaani mgonjwa mmoja kwa kila watu 85,000. Watafiti wa London mapema tu 2020 walishapiga hesabu wakasema kwa kupima joto tunapoondokea na tunapofikia, katika wasafiri 100 wenye maambukizi, 46 watapita hivi hivi. Na hesabu hiyo ni ya mashine nzuri na watu walioshiba na kulala, si mie zamu ya saa 12 na kibunduki betri imeisha.

Betri kuisha si utani. Ilitokea.

Kuna siku moja, na hii ndo ile nilosema sitaji ilikuwa wapi, ikatua ndege mchana wa jua kali abiria wakatembea kwa miguu kutoka kwenye ndege wakapangwa foleni nje kwa sababu ndani pamejaa. Wakafika kwangu, wa kwanza 38.1, wa pili 38, wa tatu 38.3, nikasema hii ndege nzima inaumwa au? Mkubwa wangu akasema wapelekeni chumba cha kutenga. Chumba chenyewe kina viti sita na dirisha halifunguki, tukaingiza watu kumi na tano, wamebanana, wengine barakoa wameshusha kidevuni maana joto, na mtoto analia. Baada ya kama robo saa tukapima tena chini ya feni wote 36 na kitu. Wazima. Sasa mie usiku nyumbani sikulala, nawaza, kama mmoja tu kati ya wale alikuwa nayo bila joto basi wale kumi na nne tumewaambukiza sie wenyewe, serikali, kwa gharama ya serikali. Tangu siku ile nikawa mkali kuhusu foleni. Foleni ya ukaguzi iliyobanana ni hatari kuliko kukosa ukaguzi, hilo hata wakubwa wengine hawataki kulisikia kwa sababu foleni inapendeza kwenye picha, inaonyesha tunafanya kazi.

Mtasema basi cheti cha maabara je, kile cha PCR. Ndiyo kile ni bora mara mia. Mei 2021, baada ya Rais Samia kuingia, Tanzania ikaanza kutaka cheti cha ndani ya saa 72, na kipimo cha haraka unapofika kwa wanaotoka nchi zenye aina mpya za virusi vya korona. Lakini saa 72 ni siku tatu jamani. Mtu kapimwa Jumanne kwao, Jumatano kaenda kuagwa na familia wamekumbatiana weee, Alhamisi kakaa Doha au Istanbul saa sita anakula na watu elfu, Ijumaa yuko kwako na cheti kinasema ni mzima. Cheti hakidanganyi, kinasema habari za Jumanne. Alafu vingine vinadanganya kabisa, Europol ile polisi ya Ulaya ilitoa tahadhari Februari 2021 kwamba kuna watu wanauza vyeti vya kughushi viwanjani, kuna waliokamatwa hadi Charles de Gaulle pale Paris.

Na hapa niseme kuhusu ile pesa maana najua madereva mnaitaka. Kipimo cha haraka kilianza kwa dola 25, baadae bara ikashuka hadi dola 10. Wageni walikuwa wananuna, na wanakuja kunung'unika kwenye gari lako si kwangu, mie nina sare. Sasa nikwambieni kitu, kuna Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, nchi zote wanachama wa WHO, Shirika la Afya Duniani, zimezikubali, kifungu cha 40 kinasema msafiri wa matembezi asitozwe pesa kwa uchunguzi wa kujua hali ya afya yake. Imeandikwa. Na dunia nzima walitoza, matajiri na masikini, hakuna aliyemshika mwenzie mkono. Sitetei wala silaumu, vipimo vilikuwa vinanunuliwa kwa pesa na hazina ilikuwa imekauka, ila mgeni akikuuliza kwa nini nalipia, usimwambie ndo sheria ya kimataifa. Sheria ya kimataifa inasema kinyume. Mwambie ilikuwa ni utaratibu wa nchi wakati ule, basi, ukweli haukugharimu kitu.

Mzee mmoja kule mbele ananitazama kama anasema kwa hiyo ukaguzi wote ulikuwa mchezo wa kuigiza. Hapana mzee wangu, ngoja.

Twende Changuu kidogo. Nyie mnapeleka wageni kule kila siku kuwaonyesha kobe, mnawaambia Prison Island, kisiwa cha jela. Jela lile lilijengwa 1893 na wala halikuwahi kufanya kazi ya jela. Lilichofanya ni karantini. Meli ikija, abiria wanashushwa Changuu, wanakaa wiki moja au mbili wanatazamwa, asiyeumwa anaruhusiwa kuingia mjini. Kwa hiyo mnaposimama pale na mgeni anapiga picha na kobe, mmesimama kwenye ukaguzi wa afya wa wasafiri wa miaka mia iliyopita, mwambieni, ni hadithi nzuri kuliko ya wafungwa ambao hawakuwepo.

Sasa wale wa zamani walijua jambo ambalo kibunduki kimetusahaulisha. Ugonjwa haukaguliwi kwa dakika moja, unakaguliwa kwa siku. Ila leo nani atakubali kukaa Changuu wiki mbili na likizo yake ni siku saba? Hayupo. Iceland walilielewa hili haraka, Juni 2020 walianza kupima wageni wakitua pale Keflavik, wakaona baadhi wanatoka wazima alafu wanaugua mjini, basi Agosti 19 wakageuza, unapimwa unapofika, unajitenga siku kama 5, unapimwa tena ndo unatembea. Sie hatukuweza hivyo, uchumi wetu hauna kifua hicho. Kwa hiyo zile siku za kutazamwa hazikufutika, zilihama tu. Zilihama kutoka Changuu zikaja kwenye gari lako wewe, na kwenye hoteli yako wewe, na kwenye boti ya kwenda Mnemba. Mgeni anatazamwa akiwa likizoni, na wa kumtazama ni nyie, na hakuna aliyewaambia. Ndo maana niko hapa.

Ndiyo maana nikiulizwa kitu gani cha maana kuliko vyote pale uwanjani sisemi kibunduki, nasema fomu. Ile fomu ya kwenye intaneti mgeni aliyotakiwa kuijaza kabla hajafika, jina, kiti alichokaa, atalala wapi, namba ya simu. Wengi mliiona usumbufu, na ni kweli ilikuwa inasumbua, mtandao unakata, mtu anajaza mara tatu. Lakini fomu ndo kamba. Mgonjwa akijulikana siku ya nne, kamba ndo inakurudisha hadi waliokaa safu mbili mbele yake na safu mbili nyuma, na dereva aliyemchukua. Bila kamba ile umebaki na kibunduki tu mkononi unapima watu walioshaondoka.

Shida ni kilichoandikwa. Nimesoma fomu kwa macho yangu, sehemu ya mahali utakapolala mtu kaandika "Zanzibar". Mwingine "Beach". Beach! Unguja hii yote utamtafuta wapi mtu aliyeandika yuko Beach? Na simu kaandika ya kwao, akitoka tu nje ya mlango ananunua laini ya hapa, ile ya kwao kaizima, namba kwangu imekufa kabla hajafika Fumba. Nani anaijua namba yake mpya? Wewe dereva uliyemsaidia kuisajili. Nani anajua kahama Paje kaenda Matemwe siku ya tatu kwa sababu kapata rafiki? Wewe. Mie afisa afya sijui.

Kwa hiyo ninachowaomba ni kitu kidogo, daftari. Si programu, si kompyuta, daftari la shilingi elfu. Tarehe, ndege gani, umebeba watu wangapi, umewashusha wapi, namba yao ya hapa. Waandike wote usichague sura. Na ukae nalo wiki tatu alafu lichane, tena lichane kweli, hizo ni habari za watu msiziweke kwenye grupu la WhatsApp. Kuna mahali nilisikia mgeni kaumwa, picha yake ikazunguka kwenye magrupu ya madereva kabla majibu hayajatoka maabara, na majibu yakaja hana. Yule atarudi huku tena? Na mwingine akiumwa atasema?

Hapo kwenye kusema ndo penyewe. Mgonjwa anapatikana kwa sababu kasema. Nilikuwa na mwenzangu mmoja wa kike, mpole, kila abiria anamsalimia kwanza, pole na safari, ulilala kwenye ndege? Sie wengine tulikuwa tunanyoosha kibunduki kama askari. Siku moja mama mmoja mtu mzima, Mzungu, 36.6, safi, mie ningempitisha. Yule mwenzangu kamuuliza ulilala, yule mama akasema hapana nilikuwa natetemeka kwa baridi usiku kucha nikameza dawa. Mumewe kamkanyaga mguu, niliona kabisa. Tukamchukua pembeni, tukapima, alikuwa nayo. Kilichomkamata ni "pole na safari". Mwisho wa mwezi ile ripoti inauliza umepima watu wangapi, haina mahali pa kuandika umesalimia wangapi.

Kwa hiyo na nyie, mgeni akikohoa kwenye gari usiruke kama umeona nyoka. Shusha vioo vyote, zima kiyoyozi, vaa barakoa yako, mpe na yeye moja kwa heshima, muulize taratibu. Kioo wazi kwenye gari kinafanya kazi kubwa kuliko kupuliza dawa kwenye mabegi, kile cha kupuliza mabegi mie sikukipenda tangu mwanzo, tumelowesha nguo za watu bure.

Ya korona yamepita, Machi 2022 waliochanjwa kikamilifu wakaondolewa sharti la cheti cha PCR, na Mei 5, 2023 WHO wakatangaza dharura ya dunia imekwisha. Ila msijidanganye ni hiyo tu. Machi 2023 huko Kagera ilitokea Marburg, ile homa kali ya virusi inayoua, na Januari 2025 ikatangazwa tena mkoa huo huo, Biharamulo. Marburg si ugonjwa wa kukohoa kwenye ndege, unaambukizwa kwa kugusa majimaji ya mgonjwa, na wenye hatari kwanza ni familia na wauguzi, lakini nao una siku zake za kujificha mwilini kuanzia 2 hadi 21, kwa hiyo kibunduki kitapitwa vile vile. Mgeni wenu kama katokea bara kanda ya ziwa wakati kuna mlipuko usimkimbie wala usimnyanyapae, mjue tu kapita wapi. Na kadi ya njano, nimalizie hilo kwa haraka maana mnawapoteza wageni, chanjo ya homa ya manjano tangu Julai 2016 kadi yake ni ya maisha, si miaka kumi. Acheni kuwaambia imeisha muda.

Sasa la mwisho. Kuna msemo mwingine wa mgeni, mnaujua, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mie kwenye semina zangu nilikuwa nasema siku ya tatu mpigie simu. Watu wanacheka wanasahau. Ila kulikuwa na binti mmoja wa mapokezi kwenye hoteli ndogo tu upande wa mashariki, vyumba kumi na mbili, yeye hakucheka, akaandika. Kila mgeni akifika siku ya tatu asubuhi anapiga chumbani, umeamkaje, koo vipi, umepata usingizi? Mwenye hoteli anamwambia unawasumbua wageni, yeye anapiga tu. Miezi inapita hakuna kitu, wote wazima, wengine wanamjibu vibaya.

Kuna siku chumba namba 7 yule mume akamjibu mke wangu hanusi kahawa. Hivyo tu, kahawa hainuki. Binti akanipigia mie, si namba ya dharura wala nani, mie, namba niliwaachia kwenye semina. Tukaenda na gari la kawaida bila king'ora, tumevaa kiraia, vifaa kwenye kikapu cha ukili kama tunapeleka samaki, tukawapima barazani kwao. Wote wawili walikuwa nayo. Wakakaa siku 10 kwenye chumba chao chenye bustani, chakula kinaachwa mlangoni, na hoteli haikufungwa na hakuna mgeni wa pale aliyejua kulikuwa na nini. Dereva wao alikuwa na daftari, tukampata yeye na wageni wengine wanne siku ile ile kabla ya magharibi, mmoja alikuwa nayo na alikuwa kesho yake anakwenda kwenye harusi Makunduchi.

Yule binti yuko humu ndani, amekaa pale chini ya feni, kainama anajifanya anasoma simu maana hakujua kama ntalisema. Haya, maswali.